Muyaka na Mji Uliomlea

Ukimsoma Muyaka bin Haji bila kuijua Mvita ya Wamazrui, utapata vina na mizani, lakini kisa chenyewe kitakupita.

Muyaka alizaliwa Mombasa katika karne ya 18 na kuishi hadi karibu mwaka 1840. Wamazrui ndio waliokuwa wakitawala mji, naye Seyyid Said wa Oman akiutaka. Lamu, baada ya kuwashinda Wapate na Wamvita pale Shela, ikaegemea kwa Seyyid. Hapo ulimi wa Muyaka ukapata kazi. Alisimama na Wamazrui, akawachoma mahasimu wao kwa mashairi, na washairi wa Lamu nao hawakunyamaza.

Lakini hakuishi kwa vita pekee. Alitunga juu ya mapenzi, ukata, biashara iliyokwenda mrama, hata mafumbo ya kuchemshana bongo. Tungo nyingi za kale tulizorithi ni za dini. Yeye aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni na barazani. Kwangu mimi, hilo ni kubwa kuliko siasa yake yote.

Mwaka 1837 utawala wa Wamazrui ukaanguka. Aliowatetea wakaondoka, mashairi yakabaki vinywani mwa watu. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kumfafanulia mmishonari W. E. Taylor, na mwaka 1940 Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka. Bila kumbukumbu za wazee wa Mvita, Sikujua angekusanya nini?