Jirani Mwema wa Wajir

Wapo wadhanio kwamba maelewano kati ya Wakristo na Waislamu ni kazi ya mapadre na masheikh peke yao. Tuyatazamapo maisha ya Annalena Tonelli, twaona vingine.

Alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943, akasomea sheria. Mwaka 1969 alifika Kenya kufundisha, kisha akakaa Wajir, katika nchi kame ya Wasomali. Hakuwa mtawa. Alikuwa Mkristo kati ya Waislamu, mwanamke asiye na mume, tena mgeni, wengi walimshuku. Yeye hakushindana nao kwa maneno. Aliwauguza wenye kifua kikuu, ambao hata ndugu zao waliwaogopa. Na kwa kuwa wafugaji huhama na kuacha dawa kabla ya kupona, tangu mwaka 1976 aliwakaribisha wakae katika vibanda karibu naye, wakimeza dawa kila siku mbele ya mwangalizi. Utaratibu wa namna hiyo ulikuja kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mataifa mengi.

Februari 1984 likaja jaribu kubwa. Askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakawaua wengi. Hesabu yao yabishaniwa hata leo. Wakati watu walipojificha kwa hofu, Annalena alitoka kuwatafuta majeruhi na kuzika maiti, akasaidia habari zifike nje. Mwaka 1985 alifukuzwa nchini.

Hakuwaacha Wasomali. Alikwenda kwao Somalia, na tangu mwaka 1996 huko Borama akajenga hospitali ya kifua kikuu na shule ya viziwi. Jioni ya tarehe 5 Oktoba 2003 alipigwa risasi katika hospitali hiyohiyo, akafa. Alikuwa na miaka 60.

Twajifunza nini, ndugu wasomaji? Akina mama wetu hukutana na wenzao Waislamu kisimani, sokoni na penye mgonjwa kila siku. Hapo ndipo usalama wa mtaa hujengwa, kabla ya mkutano wo wote. Basi yatupasa kila nyumba kujiuliza: siku jirani wa dini nyingine atakapoonewa, je, tutatoka kumwendea, ama tutafunga mlango?