Robert Koch: Daktari Aliyetafuta Wagonjwa Waliojificha

Mtahiniwa, soma habari hii kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 mjini Clausthal, Ujerumani. Alisomea udaktari, na mwaka 1882 alitangaza kuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel. Jina lake umelisoma katika Biolojia. Hapa mtazame kama mfuatiliaji wa magonjwa.

Mwaka 1897 alifika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Katika milima ya Usambara aliwakuta wenyeji wakitumia neno moja, mbu, kwa mdudu na kwa homa waliyoipata wakishuka tambarare. Kama kwenu ni Masama, linganisha mwenyewe: juu kwenye migomba kuna baridi, chini Rundugai kuna joto na mbu wengi zaidi.

Baadaye Koch alionyesha kwamba mtu huweza kubeba vimelea vya malaria bila kuugua. Ukimsubiri mgonjwa aje hospitali, huyo humpati. Kwa hiyo alipendekeza damu za watu zipimwe kwa hadubini, na wenye vimelea wapewe kwinini. Njia hiyo ilianza kutumika Dar es Salaam mwaka 1901.

Je, ilikuwa na ufanisi? Ilifichua maambukizi yasiyoonekana. Hata hivyo, ilihitaji wapimaji wengi, muda na fedha, na watu waliingia na kutoka mjini kila siku. Malaria haikwisha.

Mwaka 1906 hadi 1907 Koch alichunguza ugonjwa wa malale katika visiwa vya Ssese, Uganda. Aliwatibu wagonjwa kwa dawa ya atoxyl, na baadhi yao wakapofuka. Usiliache jambo hili katika jibu lako. Kumgundua mgonjwa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpa tiba isiyomdhuru.

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden.

Maswali

1. Kwa nini kuhesabu wagonjwa wanaofika hospitali pekee hakutoshi?
2. Tathmini njia ya Koch kwa kutoa hoja moja ya nguvu na mbili za udhaifu.
3. Ungekuwa mhudumu wa afya Masama, ungeboresha nini katika njia hiyo?

Angalizo: Neno "tathmini" linakutaka utoe pande zote mbili, kisha uamue. Ukisifu tu, utapoteza alama.