Kristen Nygaard, profesa aliyeuliza kompyuta inafanya kazi kwa faida ya nani

Kila mwisho wa mwezi, hesabu za wagonjwa wa malaria, watoto waliochanjwa na akina mama waliozalia kituoni zinatoka kwenye vituo vya afya vya Masisi na Walikale, zinafika ofisi ya zone ya afya, kisha zinaingizwa katika DHIS2, programu inayotumiwa na Wizara ya Afya ya Congo. Programu hiyo ilizaliwa kati ya Afrika Kusini na Oslo, mji mkuu wa Norway. Ukifuata mizizi yake unamkuta mtu ambaye jina lake halisikiki sana Muheto wala Goma: profesa Kristen Nygaard.

Alizaliwa Oslo tarehe 27 Agosti 1926. Alisoma hesabu, na tangu 1948 alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha jeshi la Norway. Mwaka wa 1960 alihamia Kituo cha Kompyuta cha nchi hiyo. Huko, yeye na mwenzake Ole-Johan Dahl walitunga Simula, lugha ya kuandikia programu. Badala ya kupanga amri moja baada ya nyingine, mwandishi aliigawa kazi katika vitu kama vya maisha ya kila siku, kama vile gari, mteja au foleni, na kila kitu kilibeba habari zake na kujua kazi yake. Toleo la 1967 ndilo chimbuko la njia inayofuatwa leo na lugha za C++ na Java. DHIS2 yenyewe imeandikwa kwa Java.

Wengi wangetosheka na sifa hiyo. Nygaard yeye aliingiwa na wasiwasi. Simula ilitumiwa kuiga mwendo wa kazi viwandani, na aliona kwamba majibu yanawafikia wakubwa peke yao, huku mafundi wakipangiwa upya kazi bila kuulizwa. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaenda kushirikiana na sendika ya mafundi wa chuma.

Mradi huo ungeweza kuishia kwenye rapori za kuwekwa kabatini. Lakini yeye na wenzake walibadilisha njia: wafanyakazi wenyewe wachunguze mashini mpya zinaingizwa namna gani kiwandani mwao, na tokeo la utafiti liwe kile ambacho sendika itakifanya. Vitabu vya kufundishia viliandikwa kwa ajili yao. Mwaka wa 1975 sendika na waajiri wa Norway walikubaliana kwamba wafanyakazi waelezwe mapema, kwa lugha wanayoielewa, kabla kompyuta haijaingia kazini, na wawe na mjumbe wao wa kufuatilia jambo hilo.

Alifundisha Aarhus, Denmark, kisha Chuo Kikuu cha Oslo, alikokuwa profesa kamili kuanzia 1984 hadi 1996. Hakuwa mtu wa kukaa ofisini: aliongoza pia kundi lililopinga Norway kuingia Umoja wa Ulaya, na katika kura ya 1994 zaidi ya asilimia 52 walikataa.

Mwaka huohuo ubaguzi wa rangi ulianguka Afrika Kusini. Watafiti wa huko na wa Oslo, waliolelewa katika desturi ya kutengeneza programu pamoja na watumiaji wake, walianza kujenga mfumo wa habari za afya uliozaa DHIS. Walitaka hesabu zimsaidie kwanza muuguzi anayezikusanya, ndipo zipande juu. Kwetu hapo ndipo pagumu: muuguzi anayejaza fishi kwa mkono, mahali pasipo umeme wala mtandao, anatuma hesabu kila mwezi, lakini si kila mara zinamrudia.

Nygaard na Dahl walipewa pamoja tuzo ya Turing ya 2001, kubwa kuliko zote katika kazi ya kompyuta. Dahl alifariki tarehe 29 Juni 2002. Nygaard alimfuata baada ya wiki sita, tarehe 10 Agosti, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 75.