Mzee Jomo Kenyatta na Yamini za Siasa

Ndugu zetu wa Pwani waliokwenda kuchuma Thika na Ruiru wametutaka tuwaandikie juu ya jambo linalowakera kila uchaguzi unapokaribia. Wagombea viti, ambao kwa miaka mitano hawakuonekana, huja mpaka milangoni mwa misikiti na makanisa, huyu na zulia, yule na bahasha, na wote jina la Mungu li midomoni mwao. Tumeona afadhali kuliko kuwatolea hotuba, tuwasimulie habari za mtu wa sehemu zile zile, kwani maishani mwake jambo hili laonekana kwa pande zake zote, nzuri na mbaya.

Jomo Kenyatta alizaliwa Ng'enda katika nchi ya Gatundu, si mbali na Thika, katika miaka ya 1890. Jina lake la utotoni ni Kamau. Babu yake alikuwa mganga, na kijana alikaa naye akaiona kazi yake. Mwaka 1909 akaingia skuli ya wamisionari wa Kiskoti huko Thogoto, na Agosti 1914 akabatizwa, akaitwa Johnstone. Kisha akafanya kazi Thika, akaugua huko. Mwaka 1920 wazee wa kanisa walimshitaki kwa ulevi na kwa kuoa kwa mila za Kikuyu, wakamtenga. Basi huyu alikuwa mtu aliyekwisha kuuona uganga wa wazee na Biblia ya Wazungu, na akajua kwa nafsi yake jinsi neno la dini linavyoweza kumfunga mtu na kumtoa katika jamaa.

Mwaka 1929 wamisionari waligombana na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana. Watu wengi wakatoka makanisani, wakajenga skuli zao wenyewe na makanisa yao. Kubwa katika skuli hizo ilikuwa Githunguri, juu ya Ruiru, nayo ndiyo aliyokuja kuiongoza Kenyatta aliporudi Uingereza mwaka 1946. Siasa na ibada zikawa zakaa nyumba moja.

Tarehe 24 Agosti 1952, mbele ya maelfu ya watu mjini Kiambu, Kenyatta aliwalaani Mau Mau, ambao walikuwa wakiwaapisha watu kwa siri. Haikumfaa kitu. Tarehe 20 Oktoba alikamatwa, akahukumiwa Kapenguria miaka saba kwa kuendesha chama hicho cha viapo, na shahidi mkuu wa serikali alikuja kuukana ushahidi wake mwaka 1958. Yaani mtu huyu aliyapoteza makamo yake gerezani kwa ajili ya kiapo. Msomaji alikumbuke hilo.

Alipofunguliwa mwaka 1961, Pwani ilikuwa na wasiwasi. Ukanda wa maili kumi ulikuwa bado ni milki ya Sultani wa Zanzibar, na wengi katika sisi waliogopa kumezwa na serikali ya bara. Oktoba 1963 Kenyatta aliandikiana barua na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Sheikh Muhammad Shamte, akaahidi kuwa Mahakama za Kadhi zitadumu, na watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu. Wako wanaosema ilikuwa hila ya kuupata ukanda. Huenda, lakini iliandikwa, ikatiwa sahihi, na jambo lililoandikwa mtu aweza kulidai.

Ama mwaka 1969 hatuna la kumtetea. Tarehe 5 Julai aliuawa Tom Mboya, nchi ikachafuka, na uchaguzi ulikuwa mbele. Hapo malori na mabasi yakaanza kuwachukua watu, kwa njia ya Ruiru na ya Thika, kwenda Gatundu, nyumbani kwa Rais. Iliitwa kwenda kunywa chai. Chai yenyewe ilikuwa kiapo kwamba uongozi wa nchi usitoke katika nyumba ya Mumbi. Serikali kwanza ilikana. Wengi walioapishwa walikuwa Wakristo, na waliokataa kwa ajili ya imani yao walipigwa, hata wengine wakafa. Makanisa yakapaza sauti, na viapo vikakoma.

Kwa sheria yetu, haijuzu kuapa ila kwa Mwenyezi Mungu, na mwenye kulazimishwa yamini yake haimfungi. Twalisema hili kwa sababu tumesikia wako hivi leo wanaowashikisha maskini Msahafu kabla ya kuwapa fedha za kura.

Na faida ya kiapo kile ilikuwa nini? Tarehe 30 Oktoba chama pinzani cha KPU kilipigwa marufuku, na Kenyatta akapita Gatundu bila kupingwa katika uchaguzi wa Desemba. Mshindani aliondolewa kwa amri ya serikali. Waliolala na hofu ya yamini waliitwaa bure.

Mwaka 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, aliwakataza wanasiasa kuhutubia makanisani mwake. Misikiti yetu mingapi imefanya hivyo?

Kenyatta alifia Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Ahadi yake ya Mahakama za Kadhi ilimpita umri. Mwaka 2010, ilipopigwa kura ya katiba mpya, mapadri na wachungaji wengi walihubiri watu waikatae, na sababu mojawapo ilikuwa mahakama hizo. Tarehe 4 Agosti watu wa Mkoa wa Kati, ambamo ndimo zilimokuwa Thika na Ruiru, walikwenda wakapiga kura, na wengi wao sana wakasema ndiyo.