Aliangusha mtihani, akafumbua siri ya sukari ya damu: Maisha ya Claude Bernard

Tuseme punda wa kwenu amezaa alfajiri, pale Suneka au Kebirigo. Kitoto kimelala kwenye nyasi zenye umande. Saa nzima imepita na hakijasimama. Saa ya pili inaisha, hakijanyonya. Ukikitia kidole mdomoni, hakifyonzi. Daktari wa mifugo akifika, moja kati ya mambo ya kwanza atakayofanya ni kutoa tone la damu na kupima sukari. Mashine yenyewe ni ndogo tu, kama ile ambayo huenda nyanya yako hutumia kila asubuhi kabla ya chai.

Sasa jiulize: kitoto ambacho hakijaonja chochote kilitoa wapi hiyo sukari? Na kwa nini daktari anapima tena baada ya muda, wakati amepima sasa hivi? Majibu yanaanzia kwa Mfaransa mmoja ambaye, kama ungemjua akiwa na umri wako, usingembetia hata shilingi kumi.

Claude Bernard alizaliwa tarehe 12 Julai 1813 katika kijiji cha Saint-Julien, kusini mashariki mwa Ufaransa. Kwao walilima zabibu za kutengeneza divai, kama vile kwenu wanavyochuma majani chai. Pesa haikutosha, masomo yakakatika, na kijana akatafutiwa kazi katika duka la dawa pale Lyon. Alifagia, akaosha chupa, akapeleka dawa kwa wateja. Usiku, moyo wake ulikuwa kwingine kabisa: alitaka kuandika michezo ya kuigiza.

Kichekesho chake kimoja kilichezwa jukwaani Lyon, akapata pesa kidogo, na kichwa kikavimba. Akaandika tamthilia nzito, akaibeba hadi Paris mwaka 1834 kumwonyesha mhakiki mmoja mkubwa. Mhakiki akaisoma, kisha akamshauri atafute kazi ya kumlisha, na kwa kuwa alishazoea mambo ya dawa, basi asomee udaktari. Hebu fikiria umetoka Keroka na ndoto yako kwenye begi, unafika Nairobi, na unaambiwa hivyo!

Bernard alimeza uchungu akaenda darasani. Huko nako hakung'aa. Katika mtihani wa kuingia kazini hospitalini, mwaka 1839, alikuwa nambari 26 kati ya 29 waliofaulu. Mwaka 1844 akajaribu mtihani wa kuwa mwalimu wa chuo cha udaktari, akaangusha. Maabara ndogo aliyofungua na rafiki yake nayo ikakosa wanafunzi. Alikaribia kurudi kijijini kuwa daktari wa kawaida. Kilichomwokoa ni kwamba profesa mmoja, François Magendie, alikuwa ameshaona jambo ambalo mitihani haikuona: mikono ya kijana huyu ilikuwa na ustadi wa ajabu, na macho yake hayakupitwa na kitu.

Wakati huo wasomi waliamini kwamba mimea ndiyo hutengeneza sukari, na wanyama kazi yao ni kuila na kuichoma tu. Mwaka 1848 Bernard alilisha mbwa nyama tupu, kisha akapima damu yao. Alitumia dawa ya shaba, ndugu wa ile ya Benedict unayoichemsha shuleni hadi rangi ya buluu igeuke kuwa nyekundu ya matofali. Matumbo ya mbwa hayakuwa na sukari, lakini damu inayotoka kwenye ini ilikuwa nayo. Yaani mwili wa mnyama unajitengenezea sukari wenyewe! Wengi walikataa kuamini.

Halafu ikaja ile siku ya 1855. Bernard alikuwa na mazoea ya kupima kila kitu mara mbili. Siku moja alipima sukari ya ini mara moja, akakosa muda, akaacha kipimo cha pili hadi kesho yake. Matokeo hayakufanana hata kidogo: cha kesho yake kilikuwa na sukari nyingi zaidi. Wewe na mimi pengine tungesema tumekosea, tukachagua jibu moja na kufunga daftari. Bernard alikataa kulitupa hata moja. Alichukua ini jingine, akapitisha maji ndani ya mishipa yake hadi sukari yote ikaisha, akaliacha. Kesho yake sukari ilikuwa imerudi.

Ini lilikuwa na akiba. Mwaka 1857 alifanikiwa kuitenga akiba hiyo, akaiita glaikojeni. Ukila obokima na chinsaga jioni, sehemu ya sukari inayotokana na chakula hicho huwekwa huko, kisha ini huitoa kidogo kidogo ukiwa umelala. Baadaye aliikuta glaikojeni hata kwenye kondo la nyuma na kwenye mwili wa mtoto aliye bado tumboni. Mama huweka akiba kabla ya safari.

Hapo sasa rudi kwenye kile kitoto chetu cha punda. Kitovu kikikatika, mama hampi tena sukari kwa damu. Ana akiba ndogo tu kwenye ini, nayo huisha kwa saa chache. Kwa kawaida mtoto wa farasi au punda anatakiwa asimame ndani ya saa moja hivi na anyonye ndani ya saa mbili. Asiponyonya, au akiwa ameambukizwa, sukari hushuka, analegea, na akilegea ndiyo hawezi kabisa kunyonya. Kwa watoto wa farasi, madaktari wengi huingiwa na wasiwasi kipimo kikishuka chini ya 4 hivi. Lakini namba moja ni kama picha moja ya simu: haikuambii kama mtu anapanda mlima au anateremka. Ndiyo maana hupimwa tena na tena. Tena mashine ya binadamu inaweza kukosea kwa damu ya mnyama, kwa hiyo usijifanye daktari. Piga simu mapema, saa ya pili isipite ukisubiri.

Usidhani Bernard alikuwa malaika. Alipasua mbwa wakiwa hai, mara nyingi bila dawa ya kuwalaza. Mkewe Fanny, ambaye mahari yake ndiyo iliyomwezesha kubaki maabara, alichukia kazi hiyo kupindukia. Ndoa ilivunjika, na mabinti zao wawili wakasimama na mama yao kutetea wanyama. Faida ya ugunduzi wake tunaila hadi leo, hata punda wetu. Lakini waliolipa bei ni wanyama na nyumba yake, na leo kuna masharti makali kuhusu majaribio ya aina hiyo. Ukimsifu, sifu huku unakumbuka na hilo.

Mwaka 1865 alitoa kitabu kuhusu udaktari wa majaribio ambacho bado kinasomwa. Yule aliyeambiwa uandishi haumfai alichaguliwa mwaka 1868 kuingia Académie française, baraza kuu la waandishi wa Ufaransa. Alipofariki tarehe 10 Februari 1878, serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa, na kabla yake hakuna mwanasayansi Mfaransa aliyewahi kufanyiwa hivyo.

Kama umeangusha mtihani mwaka huu, wahenga walishasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ila kwa Bernard kuna la ziada. Majibu mawili yakigongana, usikimbilie kulitupa lile usilolipenda. Pima tena. Kuna kitoto alfajiri hii, pengine hapo Nyamira, ambacho maisha yake yanategemea mtu atakayekubali kupima mara ya pili.