Metchnikoff: Msomi aliyeupa mtindi sifa ya dawa

WANUNUZI wengi wa mtindi husoma kwenye kopo kwamba ndani mna bakteria hai wenye manufaa tumboni. Aliyelieneza wazo hilo duniani ni Elie Metchnikoff, mwanasayansi aliyeonja misiba mizito kabla ya kuonja sifa.

Metchnikoff alizaliwa mwaka wa 1845 karibu na mji wa Kharkiv, katika Ukraine ya leo, wakati huo ikiwa sehemu ya himaya ya Urusi. Masomo ya chuo kikuu ya miaka minne aliyamaliza kwa miaka miwili.

Mkewe wa kwanza, Ludmila, alikuwa mgonjwa mno hivi kwamba siku ya harusi yao, mwaka wa 1869, alibebwa kitini hadi kanisani. Kifua kikuu kilimuua mwaka wa 1873. Metchnikoff, akiwa amezidiwa na majonzi, alijaribu kujitoa uhai akanusurika. Miaka miwili baadaye alimwoa Olga, ambaye ndiye aliyekuja kuandika kitabu cha maisha yake.

Mwaka wa 1882, akiwa Messina, kisiwani Sicily, alidunga miiba midogo katika lava wa kiti cha pweza, ambao miili yao hupenya mwanga kama kioo. Asubuhi iliyofuata alikuta chembe za mwili zimeuzingira mwiba. Akatambua kwamba mwili una askari wake wanaowameza wavamizi. Wataalamu wengi walimpinga kwa miaka, lakini Louis Pasteur alimkaribisha katika taasisi yake jijini Paris mnamo 1888. Mwaka wa 1908 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Kufikia wakati huo fikira zake zilikuwa zimehamia kwenye uzee. Aliamini kwamba bakteria waozeshao chakula katika utumbo mpana hutoa sumu inayomzeesha mtu kabla ya wakati. Aliposikia kuwa wakulima wa Bulgaria walioishi miaka mingi walikunywa sana maziwa ya mgando, alihisi amepata tiba. Bakteria wa maziwa hayo walikuwa wametambuliwa mwaka wa 1905 na Stamen Grigorov, Mbulgaria aliyekuwa akisomea Geneva.

Metchnikoff mwenyewe alikunywa maziwa hayo kila siku na kuepuka vyakula vibichi. Umaarufu wake uliwafaa wafanyabiashara, nao wakayauza kwa ahadi ambazo sayansi haikuwa imezithibitisha. Alifariki kwa maradhi ya moyo mwaka wa 1916, akiwa na umri wa miaka 71. Miaka mitatu baadaye, Isaac Carasso alianza kuuza mtindi jijini Barcelona kwa jina la Danone.

Je, alisema kweli? Nusu. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba bakteria wa Bulgaria hawafanyi makao tumboni, na hakuna ithibati kuwa mtindi huongeza umri. Hata hivyo, bakteria hai wa mtindi huwasaidia watu ambao matumbo yao hayastahimili sukari ya maziwa. Zaidi ya hayo, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuhoji iwapo bakteria wanaweza kuwa rafiki wa mwanadamu.

Mwaka wa 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikubaliana kwamba viumbe hivyo huitwa probaiotiki vikiwa hai, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha na vikileta manufaa kwa afya. Kwa hivyo mnunuzi hana budi kutazama iwapo kopo limetaja bakteria hai na aina yao, iwapo mtindi haukupashwa moto baada ya kuganda, iwapo umehifadhiwa kwenye baridi, na kama sukari iliyoongezwa ni kidogo. Jina kubwa la Metchnikoff lilitosha kuuza mtindi, lakini halikutosha kuwa ushahidi. Wala tangazo la kupendeza halitoshi.