Edith Cavell, Mwalimu wa Wauguzi

Kila askari aliyewahi kubebwa kwa machela anajua kwamba vita haviishi pale risasi zinaponyamaza. Hapo huanza kazi nyingine: kusafisha kidonda, kupima homa, kumgeuza mgonjwa usiku wa manane, kumlisha asiyeweza kujilisha. Kazi hiyo haifanywi kwa huruma peke yake. Hufanywa kwa elimu, na elimu hiyo, kama ile ya silaha, hupatikana kwa mafunzo marefu na utii. Leo tunawaeleza wasomaji wetu maisha ya Bibi Edith Cavell, Mwingereza aliyejifunza uuguzi akiwa mtu mzima, akaufundisha katika nchi ya kigeni, na mwishowe akauawa kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi. Dunia humkumbuka kwa kifo chake. Sisi twaona kwamba shule yake yastahili kutajwa kwanza.

Alizaliwa tarehe 4 Desemba 1865 katika kijiji cha Swardeston, karibu na mji wa Norwich, mashariki ya Uingereza. Baba yake, Frederick Cavell, alikuwa kasisi wa Kianglikana wa kijiji hicho. Nyumba yao ilikuwa ya heshima lakini si ya mali, na Edith, mtoto wa kwanza, alilazimika kujitafutia riziki. Kama mabinti wengi wa hali yake, alifanya kazi ya kulea na kufundisha watoto katika nyumba za wenye uwezo. Tangu mwaka 1890 hadi 1895 alifanya kazi hiyo mjini Brussels, nchini Ubelgiji, na huko akakijua Kifaransa barabara. Kisha baba yake akaugua, naye akarudi nyumbani kumwuguza. Mzee alipona. Binti naye, katika kukesha kando ya kitanda, alikwisha kuitambua kazi aliyoitaka.

Mwezi Septemba 1896, akiwa na umri wa miaka 30, alipokewa kuwa mwanafunzi katika London Hospital, hospitali kubwa iliyohudumia mitaa ya maskini upande wa mashariki wa jiji la London. Mafunzo yalikuwa ya miaka miwili. Mwanafunzi alikuwa wodini tangu asubuhi hadi usiku, akitandika vitanda, akifunga vidonda na kuhudhuria masomo baada ya kazi. Wakati huo Uingereza haikuwa na sheria yoyote ya kumsajili muuguzi. Mtu yeyote aliweza kuvaa aproni na kujiita muuguzi, awe amesoma au hakusoma. Kitu pekee kilichowatenganisha wawili hao kilikuwa cheti cha hospitali, na cheti hicho ndicho alichokuwa akikitafuta.

Mwaka 1897, angali mwanafunzi, alipelekwa pamoja na wauguzi wengine katika mji wa Maidstone, ambako maji machafu yalikuwa yameeneza homa ya matumbo. Waliougua walizidi watu 1,800, na zaidi ya 100 walifariki. Wauguzi waliotumwa huko walipewa nishani, naye akiwa mmoja wao.

Hata hivyo, tusimfanye malaika. Eva Luckes, aliyekuwa msimamizi mkuu wa wauguzi wa hospitali ile, aliandika katika kumbukumbu za mafunzo kwamba mwanafunzi huyu alikuwa na uwezo mwingi kila alipoamua kuutumia, lakini hakuwa mtu wa kutegemewa kikamilifu, na hakujali saa. Mwanafunzi mwingine angaliweza kukata tamaa au kushika kinyongo. Cavell aliendelea na kazi. Baada ya kupata cheti alihudumu katika hospitali za maskini za St Pancras na Shoreditch, akapanda kutoka msimamizi wa zamu ya usiku hadi naibu wa msimamizi mkuu. Huko Shoreditch alianzisha desturi ya kuwatembelea wagonjwa makwao baada ya kutoka hospitali, kwani aliona kwamba aliyepona wodini huweza kuugua tena kwa hali ya nyumba anayorudi.

Mwaka 1907 aliitwa Brussels na Dakta Antoine Depage, mpasuaji mashuhuri wa Ubelgiji. Dakta huyo alikuwa amechoka kuona kazi ya kisu chake ikiharibika baada ya upasuaji. Katika hospitali za nchi hiyo wagonjwa walitunzwa na watawa, wenye moyo mwema lakini wengi wao bila elimu ya kisasa ya vidonda na vijidudu, au na watumishi ambao hawakufundishwa kabisa. Alitaka shule ya wauguzi wenye stashahada, na alimtaka mtu ajuaye kazi na ajuaye Kifaransa. Shule ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1907, ikiwa na wanafunzi wachache mno. Familia nyingi za heshima ziliona ni aibu binti yao kufanya kazi ya mshahara, tena kazi ya kuosha miili ya watu wasiojulikana.

Cavell alijibu kwa nidhamu. Wakati wa chakula cha asubuhi aliweka saa mbele yake mezani, na mwanafunzi aliyechelewa zaidi ya dakika mbili alipoteza saa mbili za mapumziko yake. Yule aliyeandikwa kuwa hajali saa alikuwa amelijua somo hilo kwa uchungu wa nafsi yake, na wahenga wetu walisema chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Jioni aliwafundisha yeye mwenyewe. Sifa ya shule ilienea, hata malkia wa nchi hiyo, alipovunjika mkono, alitaka kuhudumiwa na muuguzi kutoka shuleni hapo. Kabla ya vita shule ilikwisha kutoa wauguzi kwa hospitali 3, shule 24 na shule za watoto wadogo 13.

Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza, Agosti 1914, alikuwa likizoni kwa mama yake mjini Norwich. Angaliweza kubaki, lakini alirudi Brussels mara moja. Tarehe 20 Agosti majeshi ya Ujerumani yaliingia mjini. Shule ilikuwa chini ya alama ya Msalaba Mwekundu, na Cavell aliwaagiza wauguzi wake wamtibu kila majeruhi bila kuuliza taifa lake. Askari wa Kijerumani nao waliuguzwa humo.

Mwezi Novemba mwaka huo waliletwa kwake askari wawili wa Kiingereza waliokuwa wamekatwa na jeshi lao wakati wa kurudi nyuma. Aliwapokea na kuwaficha. Baada yao walikuja wengine. Palikuwa na mtandao wa Wabelgiji na Wafaransa, miongoni mwao Mwanamfalme Reginald de Croÿ na msanifu majengo Philippe Baucq, waliowatafutia askari hao vyeti vya uongo na watu wa kuwaongoza hadi Uholanzi, nchi isiyokuwa vitani. Kwa muda wa miezi tisa hivi watu wapatao 200 walipitia mikononi mwa Cavell.

Alikamatwa tarehe 5 Agosti 1915. Alipohojiwa alisema kweli, hata akakiri kwamba baadhi ya askari walimwandikia kutoka Uingereza kumshukuru. Kukiri huko kulimzidishia uzito wa kosa, maana kulithibitisha kwamba watu hao walifika katika nchi ya adui na kuweza kupigana tena. Washtakiwa 35 walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi tarehe 7 na 8 Oktoba. Watano walihukumiwa kifo. Wajumbe wa Marekani na Hispania, nchi ambazo wakati ule hazikuwa vitani, waliomba ahurumiwe, lakini ombi lao lilikataliwa. Alfajiri ya tarehe 12 Oktoba 1915, Cavell na Baucq walipigwa risasi. Cavell alikuwa na umri wa miaka 49. Watatu waliosalia walipunguziwa adhabu.

Hapa twapenda kusimama kidogo, kwa kuwa tunasema na watu wa silaha na sheria. Haifai kuficha kwamba Cavell alivunja sheria ya kijeshi ya wale walioikalia nchi, naye hakukana. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1906 uliwalinda wauguzi na nyumba zao, lakini ulinzi huo uliondoka nyumba hizo zilipotumiwa kumdhuru adui. Cavell alijua hatari hiyo. Kwa maoni yake, kumfukuza mtu anayewindwa kungalikuwa sawa na kumtoa auawe. Wengine wamemsifu kwa hilo, na wengine wamesema aliihatarisha alama iliyowalinda majeruhi wote. Lakini pia haifai kusahau upande wa pili: mahakama iliweza kuchagua kifungo, ikachagua risasi, na hukumu hiyo iliiletea Ujerumani lawama za dunia nzima. Baada ya hapo mfalme wa Ujerumani aliagiza kwamba mwanamke asiuawe bila idhini yake mwenyewe. Nguvu iliyozidi kipimo ilimgeuka aliyeitumia.

Katika siku zake za mwisho gerezani Cavell hakuandika juu ya wafalme. Aliwaandikia wauguzi wake, akiwakumbusha wajibu wao, na akiwaomba radhi kama alikuwa mkali kupita kiasi, kwani aliwapenda kuliko walivyojua. Jengo jipya la shule, alilolipigania kwa miaka, lilikuwa tayari naye akiwa kifungoni, na wanafunzi wakahamia humo bila yeye. Baada ya vita shule ilipewa jina lake pamoja na la Marie Depage, mke wa dakta, aliyefariki Mei 1915 katika meli ya Lusitania akirudi kutoka Marekani kuchangisha fedha za majeruhi.

Mwezi Mei 1919 mwili wake ulirudishwa Uingereza na kuzikwa kando ya kanisa kuu la Norwich. Mwezi Desemba mwaka huo huo bunge la nchi yake lilipitisha sheria ya kuwasajili wauguzi, na tangu hapo jina la muuguzi aliyesajiliwa likawa na kinga ya sheria. Kenya, Uganda na Tanzania nazo leo zina mabaraza ya wauguzi yenye madaftari ya namna hiyo. Kwa hiyo askari anapolazwa wodini, yule anayekuja na sindano amesoma, amepimwa na ameandikwa. Kwa karibu miaka saba kabla ya vita, Cavell alikuwa na kazi hiyo moja: kumtengeneza mtu wa namna hiyo, mmoja baada ya mwingine, huku saa ikiwa mezani mbele yake.